Ute wa Chini ya Kitanda cha Bibi

Du!

Kisha kimya. Kisha du-du, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani na si kwako.

"Mbali," ilisema sauti ya Mwalimu Léonce gizani. "Hiyo iko kule milimani. Mupime."

"Monsieur, ile ya pili haikuwa mbali," ilijibu sauti ya Armel, na ilitoka chini, mahali ambapo mtu aliyeketi hawezi kuwa.

"Armel, tunasoma biolojia ao mizinga? Toka chini ya dawati."

Tulikuwa gizani kwa sababu ya elimu, si kwa sababu ya vita. Madirisha ya darasa letu pale mtaa wa Ngagara yalikuwa yamezibwa kwa blanketi tatu na kitenge kimoja, maana kiumbe tulichokuwa tukikipima hakipendi mwanga. Mwalimu aliwasha tochi aliyoivika plastiki nyekundu, na nyuso zetu zikajitokeza moja moja, nyekundu kama za watu waliochemshwa. Mbele ya kila mwanafunzi palikuwa na kifuniko cha kopo la majarini. Juu ya kifuniko, karatasi iliyoloweshwa maji. Juu ya karatasi, ute wa manjano wenye mishipa kama mkono wa mzee, unaotambaa bila miguu na kula bila mdomo. Mwalimu aliupata kwenye gogo lililooza nyuma ya nyumba yake baada ya mvua za Oktoba, akatugawia kila mmoja kipande cha ukubwa wa ukucha. Yeye aliuita miksomiseti. Sisi tuliuita makamasi.

"Haina ubongo," alitueleza siku ya kwanza. "Haina macho, haina tumbo. Lakini inatafuta chakula, na inakua."

"Kama Armel," alisema Daphrose, msichana niliyekaa naye dawati moja, na darasa likacheka mpaka mwalimu wa hesabu akagonga ukuta kutoka upande wa pili.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila mwanafunzi alikaa na kifuniko chake nyumbani, akikileta darasani siku ya kukaguliwa tu, kwa sababu mwaka ule wa 2002 hakuna aliyeweza kuapa kwamba kesho shule itafunguliwa. Saa kumi na mbili asubuhi unaweka plastiki angavu juu ya kifuniko, unachora ukingo wa ute kwa kalamu ya bic, halafu unailaza plastiki juu ya karatasi ya milimita na kuhesabu miraba midogo iliyoingia ndani ya mstari. Unaandika. Unaweka vipande vitatu vya shayiri bapa ambayo mwalimu alitufungia kwenye magazeti. Saa kumi na moja jioni unapima tena, bila kuongeza chakula. Basi.

Na mimi, Shakuru wa mtaa wa Buyenzi, nilikuwa na sababu ya kuhesabu kuliko wote.

Mwaka uliotangulia tulipima maharage. Haragwe langu lililiwa na mbuzi wa jirani siku ya tatu. Ndani ya kaye yangu, daftari la vipimo, hata hivyo, haragwe lile liliishi majuma matatu zaidi, likafika sentimita arobaini na mbili, likatoa hata maua. Mwalimu Léonce alipenda sana maua yale. Akapanda baiskeli yake, akaja Buyenzi kuyatazama. Akaonyeshwa mbuzi.

"Kaye moja tena ya uongo," aliniambia siku ile, "na nitakupa zero ya mwaka mzima. Utarudia darasa, na utalirudia ukiwa peke yako, wenzako wakiwa mbele."

Niliapa. Mimi nikiapa nimeapa. Safari hii nilihesabu miraba mpaka usingizini. Nilihesabu nikiwa na njaa, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imeingia, na ukiwa na njaa karatasi ya milimita inafanana na chapati iliyokatwakatwa.

Basi Ijumaa ile, katika mwanga mwekundu, mwalimu alisimama mbele ya dawati langu, akafunua kaye yangu, na nyusi zake zikapanda.

"Shakuru. Soma, wote wasikie."

Nikasoma, kifua mbele. "Jumatatu asubuhi, miraba mia moja na arobaini. Vipande vitatu vimewekwa. Jioni, vipande vyote vimekwisha. Miraba mia moja na arobaini."

"Imekula yote?"

"Yote, Monsieur."

"Na haikuongezeka hata muraba moja?"

"Hata moja."

"Endelea."

"Usiku, hakuna chakula. Jumanne asubuhi, miraba mia tatu na kumi. Vipande vitatu vimewekwa. Jioni, vimekwisha. Miraba mia tatu na kumi. Usiku, hakuna chakula. Jumatano asubuhi, miraba mia sita hamsini na tano. Jioni, vipande vimekwisha. Miraba mia sita hamsini na mbili."

"Imepunguka?"

"Tatu tu, Monsieur."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Kwa hiyo mchana inakula, hainenepi. Usiku haili, inanenepa."

"Ndivyo ilivyo."

"Ni kama mujomba wangu," alisema Daphrose. "Nyumbani hagusi sahani, na tumbo inamutangulia mulangoni."

"Daphrose! Shakuru, na jana? Jana shule haikufunguliwa. Ulipima?"

"Nilipima, Monsieur. Makombora mawili yalianguka karibu na kwetu asubuhi, tukakimbilia Cibitoke kwa mujomba Huseni. Kifuniko nilikibeba kichwani. Alhamisi asubuhi, miraba elfu moja mia moja themanini. Jioni, elfu moja mia tisa. Halafu leo tumerudi..."

"Ngoja. Alhamisi imekua mchana?"

"Ndiyo."

"Siku moja tu, kama kiumbe wa kawaida."

"Ndiyo, Monsieur."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Kutoka nyuma Armel alianza kuimba kwa sauti ya chini, akipiga dawati kwa vidole: "Jana alipima mbuzi, leo anapima upuuzi! Jana alipima mbuzi..." Huyu Armel alikuwa anakaa Kibenga, karibu na ziwa, na ute wake ulikua kila siku kwa adabu, mstari wake ukipanda kwenye karatasi kama barabara ya serikali.

Nilisimama. Dawati likasimama na mimi, kisha likaanguka. Nikasema, mbele ya wote, kwamba kila muraba niliuhesabu kwa macho yangu mawili, mara mbili mbili, na mtu anayesema nimedanganya atoke nje tupimane, yeye na mimi, kwa rula.

"Keti," alisema mwalimu. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Shakuru, hii kaye iko kinyume cha biolojia yote. Jumatatu uniletee sababu. Si kiapo, sababu. Bila sababu, unajua ile zero."

*

Nyumbani kwetu mahali penye giza kuliko pote palikuwa chini ya kitanda cha Bibi Mwavita, aliyenilea tangu sijaota meno. Siku nilipoleta sanduku la viatu lenye kifuniko ndani, nilimweleza: Bibi, hiki ni kiumbe hai cha shule, tafadhali kisiguswe.

"Kinakula?" aliuliza.

"Kinakula."

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kuchambua mchele. Hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi nilipima, nikaweka vipande vitatu, nikasukuma sanduku chini ya kitanda. Nilikuwa nimeamua kumlinda kiumbe yule siku nzima kama askari wa doria. Nilishuku panya. Nilishuku mende. Nilimshuku hata Armel, ingawa sikuweza kueleza angetoka vipi Kibenga kila siku kuja kuiba shayiri ya Buyenzi. Nikaaga kwa sauti kubwa kwamba naenda kunyoa nywele, nikaubamiza mlango wa mbele, nikazunguka uani na kusimama nje ya dirisha la chumba cha Bibi, jicho langu kwenye ufa wa pazia.

Haikupita muda. Bibi aliingia, akafunga mlango, akapiga magoti kwa taabu huku akimtaja Mungu kwa kila goti. Akavuta sanduku. Akatoa kijiti cha meno kwenye pindo la kanga yake. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu: alivinyofoa vyote kutoka juu ya ute, akavitia ndani ya glasi.

"Vumilia, Ramazani," alimwambia ute kwa upole ambao mimi sijawahi kuonjeshwa. "Jua ni moja tu. Likizama utakula mpaka usahau."

Niliingia kwa dirisha. Sikumbuki kama nililifungua.

"Bibi! Unafanya nini?"

"We ndiye unafanya nini, kuingia kwa dirisha kama mwizi wa redio? Si ulikwenda kunyoa?"

"Unamunyang'anya chakula!"

"Namutunzia. Nyumba hii, mwezi huu, mchana hakuna mutu anakula. Mi sili, we huli, hata paka anakwenda kula kwa Mama Dative, mukristo. Halafu hiki kitu chako kinalala chini ya kitanda changu, mi niko hapa juu nasoma Kurani na tumbo inalia, na chenyewe kinatafuna asubuhi yote bila haya!"

"Bibi, hakina dini!"

"Kimekwambia?"

"Hakina mdomo!"

"Sasa kama hakina mdomo, umejuaje hakina dini?"

Nilichungulia ndani ya glasi: vipande vyote vitatu, vizima.

"Na usiku?" niliuliza.

"Usiku anafuturu kama watu. Vipande vyake vitatu namurudishia, na uji kijiko moja, na kitumbua kidogo nikipika. Daku vilevile. Kabla ya alfajiri naondoa makombo, namupangusa pembeni vizuri, nafunika. We unaamka unamukuta safi."

"Mi nilidhani unaingia huku kusali."

"Na kusali nasali. Mutu anaweza kufanya mambo mawili."

Niliketi sakafuni. Mchana Ramazani hakuwa anakula, ndiyo maana hakukua. Usiku alikuwa anakula kuliko viumbe wote wa darasa letu, ndiyo maana alinenepa. Kaye yangu haikuwa na muraba mmoja wa uongo. Nilitaka kulia na nilitaka kumbusu Bibi, na nilitaka vilevile kutupa kile kijiti cha meno katika Tanganyika.

"Bibi, Jumatatu unakuja na mi shuleni."

"Mi? Niende kuulizwa maswali na mwanaume mzima anayefuga makamasi?"

"Bibi, nitarudia mwaka. Amesema mi ni mwongo. Mbele ya watu."

Alifunika sanduku taratibu, akalisukuma mahali pake.

"We ni mwongo," alisema. "Yule mbuzi mi namukumbuka. Lakini huu uongo si wako, na mutu habebi dhambi ambayo hakutenda." Akaenda ukutani, akabandua ratiba ya Ramadhani iliyotolewa msikitini, akaikunja mara nne. "Jumatatu saa ngapi?"

*

Alivaa kanga mpya na viatu vya harusi ya shangazi yangu. Alibeba kikapu, na ndani ya kikapu Ramazani ndani ya sanduku lake. Njia nzima kutoka Buyenzi alisalimia watu na kuwaambia anakwenda kusomesha.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuziba madirisha. Ndoo ilikuwa mbele ya ubao, ikinuka maji ya Javel, dawa kali ya kuondoa madoa, kwa sababu siku ile ilikuwa ya mwisho: tunapima, tunaandika, halafu vifuniko vyote ndani ya ndoo.

"Karamaze!" alisalimu Bibi mlangoni, kwa Kirundi, maana alimjua mwalimu kuwa mtu wa Ngagara, ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, na alitaka kuanza kwa heshima. Kisha heshima ikamshinda. "Mbona munakaa gizani kama wezi wa kuku?"

Mwalimu alimpa kiti. Bibi alikikataa, akasimama mbele ya darasa, akaeleza yote: shayiri, kijiti, uji, kitumbua, daku. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Nadhani walikuwa wanaogopa kupitwa na neno.

"Mama," alisema mwalimu polepole, "umefungisha miksomiseti?"

"Sikumulazimisha. Nilimwambia, hakukataa."

Hapo ndipo darasa lilipasuka. Armel alicheka mpaka akarudi chini ya dawati, safari hii bila kombora. Daphrose, ambaye hakuweza kuacha jambo lipite bila kulishika mkia, alinyoosha mkono.

"Mama, samahani. Kwenu Waislamu, mutoto mudogo anafunga?"

"Apana. Mutoto anasamehewa."

"Na hiki kina siku nane tu."

Bibi alifikiri. Akafunua sanduku, akamwonyesha: ute ulikuwa umejaa kifuniko chote, umeanza kupanda ukingoni. "Mutoto wa siku nane anajaza nyumba hivi? Huyu ni mutu muzima, binti yangu. Ana wajukuu huyu."

"Silence!" Mwalimu aligonga meza. Nilimtazama usoni: hakuwa anacheka. "Mama, nakuheshimu. Lakini bibi anaweza kusema lolote kwa kumuokoa mujukuu. Ulimupa saa ngapi? Kila siku, saa ngapi?"

"Magharibi."

"Magharibi si saa."

"Kwako." Bibi alikunjua ratiba ya msikiti, akailaza juu ya meza ya mwalimu chini ya tochi nyekundu. Kila siku ilikuwa na saa yake ya kufuturu na saa yake ya kuacha kula, zimepigwa chapa kwa dakika. Na kando ya karibu kila siku, kuanzia ile Jumatatu, palikuwa na alama mbili za wanja, moja ya jioni na moja ya daku. "Nisingeweka alama ningesahau kama amekula. Mi ni mzee, na yeye haombi."

Mwalimu alichukua chaki. Alichora mstari wa kaye yangu ubaoni, ngazi kwa ngazi, kisha chini yake akaandika saa za Bibi. Mahali penye alama, ute ulipanda. Mahali pasipo na alama, ulilala. Jumatatu, ndiyo. Jumanne, ndiyo. Jumatano, ndiyo. Chaki ikasimama.

"Alhamisi," alisema. "Alhamisi ilikua mchana. Na hapa kwa Alhamisi hakuna alama. Kuna duara."

Kwa furaha yangu yote ya Jumamosi nilikuwa nimesahau kumuuliza habari ya Alhamisi.

"Alhamisi tulikuwa wasafiri," alisema Bibi. "Musafiri ana ruhusa ya kula. Nilikula ndizi saa sita mchana kwa Huseni, nikamukatia na yeye."

"Buyenzi mpaka Cibitoke ni safari?" alidakia Armel. "Mama, si ni mwendo wa saa moja kwa muguu!"

Bibi alimgeukia. "We mutoto muzuri, umeshatembea ile njia na kombora nyuma yako?"

"Apana, Mama."

"Ukifukuzwa na kombora, Cibitoke iko mbali kama Maka. Ungelikuwepo, ungekula ndizi na maganda yake."

Wakacheka tena, lakini kidogo, kwa sababu kila mmoja mle ndani alikuwa na Cibitoke yake.

"Na ile siku," Bibi aliongeza, "nitailipa baada ya Idi. Na yeye atailipa."

Mwalimu Léonce aliweka chaki chini. Alitazama ubao, akatazama ratiba, akatazama kaye. Alihesabu tena miraba ya Alhamisi, kwa mkono wake, midomo ikitembea. Kisha akachukua bic, akafuta alama ya kuuliza aliyoiweka Ijumaa juu ya ukurasa wangu, na mahali pake akaandika kumi na nane kwa ishirini.

"Monsieur, hizi mbili zimekwenda wapi?" niliuliza.

"Moja kwa kitumbua ambacho hukukiandika. Moja kwa dawati uliloangusha. Wengine, leteni vifuniko hapa kwenye ndoo."

Bibi alinusa hewa. "Ndani ya ndoo kuna nini?"

"Javel, Mama. Kazi imekwisha, tunaviua. Ndiyo usafi wa maabara."

Alilikumbatia sanduku kifuani. Sijapata kumwona amesimama wima vile, hata mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani. "Mutu anayedaiwa funga hauawi," alisema. "Na tena hujamaliza na mi, Mwalimu. Ijumaa ulimwita mujukuu wangu mwongo mbele ya hawa watoto. Hawa hawa, wote wako hapa. Sasa mi nasikiliza."

Mwalimu alitutazama, akatazama ndoo, akamtazama yule mwanamke mfupi mwenye viatu vya harusi. Akavua miwani. Akapeleka mkono wa kulia kifuani.

"Mama Mwavita," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mwalimu wa hesabu, "nakuahidi mbele yao wote: huyu Ramazani hataguswa mpaka alipe siku yake. Na mi, kabla ya kumwita tena Shakuru mwongo, nitakuja kwanza jikoni kwako kuuliza."